Anayepasua Theluji: Uongozi na Kunusurika katika Kundi la Mbwa Mwitu wa Aktiki

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu, wanafunzi wa wanyamapori, na ninyi mliokuja kwa sababu tangazo lilitaja neno "uongozi": karibuni nyote.

Wengi wenu mnayo picha moja kwenye simu. Mbwa mwitu 25 wanatembea kwa mstari mmoja kwenye theluji nzito, wamepigwa picha kutoka juu. Chini yake pana maelezo: watatu wa mbele ni wazee na wagonjwa, nao ndio wanaopanga mwendo ili wasiachwe, nyuma yao wapo wenye nguvu, na yule wa mwisho kabisa, aliye peke yake, ndiye kiongozi, anawatazama wote. Picha hiyo imefungulia semina nyingi na mahubiri mengi. Picha ni ya kweli. Maelezo yametungwa.

Ilipigwa majira ya baridi katika Hifadhi ya Taifa ya Wood Buffalo, Kanada, na watu waliokuwa wakitengeneza filamu ya wanyama. Kundi lile lilikuwa likiwafuata nyati wa Amerika, na aliyetangulia alikuwa jike mkuu wa kundi. Yeye ndiye aliyekuwa akipasua njia. Waliofuata walikanyaga nyayo zake, kwa sababu theluji iliyokwisha kushindiliwa haichoshi kama ile mpya. Theluji ikifika kifuani, mnyama wa kwanza ndiye anayelipa gharama kubwa kuliko wote. Ukimweka mgonjwa pale, hatapanga mwendo wowote. Atakwama, na foleni nzima itakwama nyuma yake. Tena huko mbele ndiko pembe zinakokutwa.

Nimeanza na picha hii kwa sababu inaonyesha mchezo wetu wa zamani: tunampachika mnyama uongozi tunaoutamani sisi, kisha tunamrudia kwa heshima tukidai ametufundisha. Jioni hii tufanye kinyume. Tuangalie nyama, baridi, watoto na umbali, halafu tuone uongozi unajitokeza wapi.

Jina kwanza, maana linatuchanganya. Hapa kwetu ukisema mbwa mwitu, mtu wa Ruaha au wa Hifadhi ya Nyerere anamwona yule mwenye mabaka, masikio ya duara na vidole vinne kwenye mguu wa mbele. Huyo ni wa jenasi nyingine. Ninayemsema leo ni Canis lupus, mzee wa ukoo wa mbwa wa nyumbani, na hasa yule mweupe wa kaskazini kabisa, Canis lupus arctos. Jamaa yake wa karibu zaidi hapa Tanzania ni yule tuliyezoea kumwita bweha wa dhahabu wa Serengeti. Mwaka 2015 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba ni spishi ya peke yake, iliyo karibu na mbwa mwitu kuliko na bweha wa dhahabu wa Asia na Ulaya. Hayo tuyaache hapo.

Mbwa mwitu wa Aktiki anaishi kwenye visiwa vya kaskazini vya Kanada na pwani za kaskazini na mashariki za Greenland. Ninayoyasema leo yanatoka zaidi kisiwa cha Ellesmere, Nunavut, jirani na kituo cha hali ya hewa cha Eureka kilichoanzishwa mwaka 1947 kwenye latitudo ya nyuzi 80 kaskazini. Kutoka Wood Buffalo hadi hapo ni zaidi ya kilomita 2,000 za kupanda juu. Wainuit, wenyeji wa Aktiki, wanakiita kisiwa hicho Umingmak Nuna, nchi ya ng'ombe-miski. Ukubwa wake ni kama moja ya tano ya Tanzania, na ni jangwa: mvua na theluji yote ya mwaka ikiyeyushwa haifiki milimita 100. Dodoma, tunayoilalamikia kwa ukavu, hupata zaidi ya milimita 500. Ardhi imeganda mwaka mzima. Kiangazi huyeyuka tabaka dogo la juu tu. Na miezi minne ya mwaka jua halichomozi kabisa, huku baridi ikishuka hadi nyuzi 53 chini ya sifuri.

Mwili wa mnyama huyu umejibu kila hoja ya mahali hapo. Ukimlinganisha na ndugu zake wa misitu ya kusini, masikio na pua yake ni mifupi, kwa kuwa kila kinachochomoza mwilini hupoteza joto. Manyoya ni tabaka mbili: ndani sufi laini inayoshika hewa, nje nywele ndefu zinazozuia maji na theluji. Kati ya vidole nako kuna manyoya. Ndani ya mguu, mishipa inayoteremsha damu imepakana na ile inayoipandisha, hivyo damu ya moto inaipasha ile inayorudi kabla ya kufika kwenye nyayo. Nyayo zenyewe huachwa zipoe mpaka juu kidogo tu ya kiwango cha kuganda, na moto wa mwili haumwagwi bure kwenye barafu. Akilala hujikunja duara, mkia juu ya pua.

Lakini manyoya hayamshibishi mtu. Kinachomfikisha mwakani ni kundi. Sasa kundi ni nini?

Jibu lililozoeleka, lile la "alfa", lilizaliwa mbali sana na Aktiki. Mwaka 1947 mtafiti Rudolph Schenkel alichapisha uchunguzi wake wa mbwa mwitu waliofugwa katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Wanyama hadi kumi waliwekwa kwenye ua wa mita 10 kwa 20. Walipigana, wakajipanga kwa vyeo, na aliyeshinda akaitwa alfa. Mwaka 1970 Mmarekani David Mech alilichukua wazo hilo kwenye kitabu chake kuhusu mbwa mwitu, kikasomwa dunia nzima, na neno likaenda kufanya kazi kwenye vitabu vya biashara, kwenye mafunzo ya mbwa, na siku hizi kwa vijana wa mitandaoni wanaojiita alfa.

Kasoro yake haikuwa macho ya Schenkel. Aliona alichokiona. Kasoro ni ua. Ni kama mtu aje Dar es Salaam, asimame saa 12 jioni kituoni watu wakigombea daladala, halafu aandike kwamba hivyo ndivyo Waswahili wanavyoishi majumbani mwao. Mnyama aliyefungiwa hawezi kufanya jambo ambalo kijana wa mbwa mwitu hulifanya mapema sana mambo yakimwendea vibaya: kuondoka.

Mech mwenyewe ndiye aliyelibomoa neno alilolisambaza. Kuanzia mwaka 1986 alikuwa akienda Ellesmere kila kiangazi. Mbwa mwitu wa huko hawajazoea kuwindwa na binadamu, kwa hiyo hawakimbii. Aliweza kukaa karibu na pango na kuwafuata kwa pikipiki ya magurudumu manne wakienda na kurudi mawindoni. Mwaka 1999, baada ya viangazi 13, aliandika kwamba kwa muda wote huo hakuona hata pambano moja la kugombea cheo katika kundi lile. Kundi lilikuwa baba, mama na watoto wao waliozaliwa katika miaka miwili au mitatu iliyopita. Aliyeitwa alfa dume ni baba, na alfa jike ni mama. Akaanza kumwomba mchapishaji aache kukichapa kile kitabu cha 1970. Ilichukua hadi mwaka 2022 kikaachwa. Wanafunzi mnaoandika tasnifu, hilo liwakae kichwani: kosa lililochapwa vizuri lina maisha marefu kuliko aliyelikosea.

Kundi jipya huanza hivi. Kijana wa mwaka mmoja hadi mitatu anaondoka kwao. Anatembea peke yake hadi akutane na wa jinsia nyingine kutoka kundi jingine, wapate eneo lenye mawindo lisilo na wenyewe, wazae. Hakuna uchaguzi, hakuna mapinduzi; uongozi unaanza siku watoto wanapozaliwa. Ndiyo maana wataalamu wengi sasa husema "jozi inayozaa" au "dume mzazi" na "jike mzazi". Niwe mkweli: yapo makundi makubwa, hasa mahali penye chakula tele kama Hifadhi ya Yellowstone, Marekani, ambamo majike wawili au watatu huzaa mwaka mmoja, mama na binti zake. Hapo kumtofautisha aliye juu kuna maana. Ila kwenye kundi la kawaida, kumwita baba "alfa" ni kama kumwita mama yako mzazi "mshindi wa shindano la nyumbani".

Mwaka wa kazi wa kundi unazunguka pango. Wanapandana takriban mwezi Machi, mimba inachukua kama siku 63, na watoto wanazaliwa mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni. Kusini mwa dunia yao mbwa mwitu huchimba shimo, lakini Ellesmere huwezi kuchimba ardhi iliyoganda, kwa hiyo pango zuri la mwamba ni mali ya thamani na linatumika tena na tena. Liko pango karibu na Eureka ambalo mifupa ya mawindo iliyokutwa hapo ilipimwa umri kwa kaboni. Mingine ilikuwa na umri wa karne kadhaa.

Watoto huzaliwa vipofu na viziwi. Macho hufunguka baada ya wiki mbili hivi, na wiki ya tatu wanachungulia mlangoni. Kipindi hicho chote mama hawezi kwenda mbali, kwa sababu mtoto mchanga hana uwezo wa kujipasha moto mwenyewe. Hapa ndipo mgawanyo wa kazi unapoonekana wazi kabisa: baba ndiye anayeongoza safari za chakula, mama ndiye anayeongoza mambo ya pangoni. Baba akirudi, mama anamwendea ameinama, masikio nyuma, mkia chini, anamlamba mdomo. Mtazamaji wa haraka huandika "jike ananyenyekea". Ni kweli ananyenyekea, lakini tazama kinachofuata: dume anacheua nyama, au anaiachia aliyoibeba, na jike anakula au anawapelekea watoto. Unyenyekevu ule ni namna ya kuomba, na hujibiwa kwa chakula. Watoto wakishaanza kutoka nje hufanya vilevile kwa kila mkubwa anayerudi, wakimshambulia mdomo kwa ndimi mpaka acheue.

Kaka na dada wa mwaka jana nao huleta chakula. Si wote kwa bidii sawa. Yuko anayebeba mguu wa sungura kilomita nyingi, na yuko anayeula njiani akafika ameshiba na mikono mitupu, kama ningekuwa nazungumzia watu. Kundi linamvumilia huyo, hasa mwaka wa neema. Chakula kikipungua, wazazi ndio wanaoamua kinaenda wapi, na kinaenda kwa wadogo kwanza. Vijana wakubwa ndio wanaolala njaa, nao ndio wanaoanza kuondoka. Mkitaka kuyaona madaraka ya wazazi hawa yakiwa makali, yatafuteni hapo, kwenye ugawaji wakati wa upungufu.

Hata hivyo madaraka hayo yana mpaka wake. Mbwa mwitu yeyote, hata mdogo wa cheo, akishika kipande cha nyama mdomoni, eneo la kama nusu mita kuzunguka mdomo wake ni lake. Mkubwa anaweza kujaribu kumnyang'anya, na mdogo atakoroma na kukishikilia, na mara nyingi kinabaki chake.

Alama ya wazi zaidi ya nani ni nani ni mkojo, mtanisamehe. Katika kundi, wanaoweka alama za mipaka kwa kukojoa wameinua mguu ni wazazi zaidi ya wengine wote, na mara nyingi mmoja huweka juu ya alama ya mwenzake. Mkiwa porini mnafuata nyayo kwenye theluji, msipoteze muda kubahatisha kiongozi kwa ukubwa wa unyayo. Tafuteni alama mbili za mkojo zilizopandana pembeni mwa njia. Jozi ya wazazi imepita hapo.

Sasa mawindo, maana hapa ndipo uongozi unapimwa kwa pembe.

Kwenye Ellesmere chakula kikubwa ni wawili. Wa kwanza ni sungura wa Aktiki, mkubwa, wa kilo 4 hadi 5, mweupe, hukaa makundi ya makumi. Wa pili ni ng'ombe-miski, ambaye licha ya jina ni jamaa wa mbuzi na kondoo. Dume hufikia kilo 300 na ushei, ana singa zinazoning'inia karibu na ardhi, na pembe zilizounganika kwenye paji la uso kama kofia ya chuma. Yupo pia karibuu (caribou) mdogo wa Peary, aina ya kulungu wa kaskazini, lakini ni wachache.

Uwindaji wa ng'ombe-miski unaanza kwa kutembea. Ellesmere, Mech alipima mwendo wa kawaida wa mbwa mwitu ukawa kilomita 8.7 kwa saa, na kilomita 10 kwa saa wakirudi pangoni. Mwendo huo wanaweza kuuendeleza kwa saa nyingi, wakipita mabonde na kupanda miinuko inayoonyesha mbali. Wakishawaona au kuwanusa, wanakaribia kwa utulivu, wakitumia mabonde kujificha ikiwezekana. Ng'ombe-miski wakishtuka hawatawanyiki kama swala. Wanakusanyika, matako ndani, vichwa nje, ndama katikati au wamejibana ubavuni mwa mama zao. Ukuta huo wa pembe ukisimama imara, mbwa mwitu hawana la kufanya. Watazunguka, watalala chini kusubiri, watajaribu tena, na mara nyingi wataondoka. Majaribio mengi ya mbwa mwitu huishia hivyo, bila nyama.

Kwa hiyo kazi yao si kuua kwanza. Kazi ni kuwafanya wakimbie. Mmoja anaingia kwa kasi upande huu, ng'ombe-miski mmoja anatoka kwenye duara kumfukuza, pengo linafunguka, mwingine anaingia upande ule. Ikitokea mmoja akapoteza ujasiri na kukimbia, duara linavunjika na wote wanakimbia. Hapo ndipo ndama huachwa nyuma kwa hatua mbili tatu, na hatua mbili zinatosha. Mbwa mwitu humshika puani, begani au ubavuni, wengine wakaning'inia, mpaka aanguke. Mtu mzima wa ng'ombe-miski naye huuawa, hasa mzee au mgonjwa au aliyebaki peke yake, lakini hiyo ni kazi ya hatari: kwato inavunja taya, pembe inatoboa kifua, na mbwa mwitu mwenye taya iliyovunjika hana hospitali.

Nani huongoza hapo? Wazazi kwa kawaida ndio huanza shambulio, na wao ndio wenye ujuzi wa kusoma kundi la mawindo: yupi anachechemea, yupi amejitenga, lini kuendelea na lini kuacha. Kuacha ni nusu ya ujuzi. Kijana wa mwaka mmoja huendelea kukimbiza kitu kisichokamatika mpaka ulimi umfike kifuani. Mzazi amekwisha kukaa chini kitambo. Ila msidhani kuna mipango ya vita, mmoja akigawa zamu. Mwingi wa ushirikiano huo unaeleweka vizuri kama kila mmoja anatazama mawindo na mwenzake, kisha anakwenda pale penye nafasi.

Mnyama akishaanguka, mtu mzima wa mbwa mwitu anaweza kula kilo 9 hivi kwa mlo mmoja. Si ulafi, ni akiba, kwa sababu mlo ujao unaweza kuwa baada ya wiki. Wanachoshindwa kumaliza wanakizika. Anabeba kipande mdomoni, au anakwenda kucheua mahali, anachimba kashimo kwa miguu ya mbele, anaweka, anafukia kwa pua. Kwenye ardhi iliyoganda futi moja chini, hiyo ni friji isiyodai umeme.

Tufanye hesabu ya haraka. Makadirio ya kawaida ni kwamba mbwa mwitu mzima anahitaji karibu kilo 3 za nyama kwa siku ili awe na afya ya kuzaa. Kundi la 20 linataka kilo 60. Ng'ombe-miski wa kilo 250, ukitoa mifupa mikubwa, ngozi na yaliyomo tumboni, tuseme anabakiza theluthi mbili. Huyo ni wa siku tatu tu. Maana yake wawili au watatu kila wiki, gizani, kwenye nchi ambayo nyasi zenyewe ni za kutafuta. Ndiyo sababu eneo la kundi huko halifanani na la kwingine kokote.

Ukubwa wake ulijulikana mwaka 2009. Julai mwaka huo Mech na mwenzake Dean Cluff walimvalisha dume mmoja miongoni mwa viongozi wa kundi la mbwa mwitu wasiopungua 20 kola ya GPS. Kola ilirekodi mahali alipo saa 12 asubuhi na saa 12 jioni kila siku, na setilaiti ikawatumia watafiti kwa barua pepe. Kabla ya hapo hakuna aliyejua mbwa mwitu wa huko hufanya nini jua likizama mwezi Oktoba. Wapo waliodhani hujibana mahali wakingoja mwanga.

Hawakungoja. Hadi katikati ya Aprili 2010 kola ilikuwa imetoa vipimo 554. Ukiunganisha nukta zote kwa mstari mnyoofu, na njia halisi lazima ilikuwa ndefu zaidi, dume yule alitembea kilomita 5,979. Hiyo ni zaidi ya mara tano ya barabara ya Dar es Salaam hadi Mwanza. Eneo alilozunguka lilikuwa kilomita za mraba 6,640, karibu mara nne ya kisiwa cha Unguja. Katika saa 12 aliweza kukaa palepale, au akasogea hadi kilomita 76. Wastani ulikuwa kilomita 11. Na wastani wa kipindi cha giza haukutofautiana na ule wa baada ya jua kurudi. Kati ya tarehe 19 na 28 Januari, katikati ya usiku ule mrefu, alikwenda kusini-mashariki umbali wa kilomita 263, akageuka, na kuanzia tarehe 29 akarudi kwa wastani wa kilomita 41 kwa siku hadi Februari mosi.

Rudini sasa Basel, kwenye ua wa mita 10 kwa 20, mita za mraba 200. Kilomita za mraba 6,640 ni nyua kama zile milioni 33. Hapo ndipo mtu anapoelewa kwa nini wanyama wale walipigania nafasi na hawa hawana haja.

Kitu gani huvunja kundi? Kifo cha mzazi ni kimojawapo. Denali, Alaska, ambako makundi yamefuatiliwa kwa miaka mingi, mengi ya yaliyosambaratika yalikuwa yametangulia kupoteza mzazi. Ukubwa wa kundi huamua kitakachofuata: wakibaki wakubwa kadhaa, watoto wanaweza kulelewa mpaka mwisho; akibaki mmoja na watoto wadogo, hawezi kuwinda na kulinda kwa wakati mmoja. Sumu na mitego nayo ina historia yake: mashariki mwa Greenland wategaji wa biashara ya manyoya waliwamaliza mbwa mwitu kabla ya Vita Kuu ya Pili, na hawakurudi mpaka mwaka 1979, walipoanza kuonekana tena wakitokea kaskazini.

Lakini mfano unaonigusa zaidi ni wa Eureka, kwa sababu hapakuwa na bunduki wala sumu. Kuanzia mwaka 1986 hadi 1997 kundi la pale lilizaa karibu kila mwaka. Kiangazi cha 1997 theluji ilianguka na kufunika majani, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu kumbukumbu zianze kuwekwa, na mwaka 2000 ikatokea tena. Kiangazi cha huko ni kifupi. Ng'ombe-miski na sungura wana wiki chache tu za kurudisha mafuta yaliyoliwa na majira ya baridi. Theluji ile iliukata muda huo nusu. Jike wa ng'ombe-miski aliyekonda habebi mimba; sungura nao wakapukutika. Idadi ya wote wawili ikaporomoka, na hadi mwaka 2003 mbwa mwitu hawakuzaa tena katika eneo lile. Ujuzi wa kusoma duara la pembe na kujua lini kuacha haukuwatosha wazazi. Walichokosa ni ndama wa kukimbiza na sungura wa kucheulia watoto.

Kati ya mwaka 2000 na 2006 Mech aliendelea kuhesabu sungura na mbwa mwitu kila kiangazi, na hesabu mbili zile zilikwenda pamoja: sungura wakiongezeka, kundi linaongezeka. Ng'ombe-miski ndiye chakula kikubwa cha mwaka mzima, lakini kiangazi, watoto wakiwa pangoni, ni sungura anayeamua, kwa sababu anabebeka na anapatikana karibu. Kufikia Julai 2009, dume yule alipovalishwa kola, kundi lilikuwa limerudi kuwa la 20 na zaidi.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Mwenyekiti, nafasi ya maswali ni yako. Na atakayenionyesha ile picha ya 25, aiguse kwanza ikue, amtazame yule wa mbele.